Mshale mkakamavu ulioonekana mlegevu: kisa cha kurekebisha upinde wa asili

Kisa hiki ni cha kweli. Jina, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika nimeviondoa, naye ameniruhusu kukiandika. Vipimo ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari siku zenyewe.

Usuli

Bi. S. alikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu ashike upinde. Anavuta kwa mkono wa kulia, kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini. Hatumii kifaa chochote cha kulengea. Upinde wake ni wa mbao na fibaglasi zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, mikono ya upinde, yaani sehemu zake mbili zinazojikunja juu na chini ya kishikio, imepinda mbele kwenye ncha, na mshale unakaa moja kwa moja kwenye kikalio kilichochongwa kwenye kishikio. Ubavuni, pale mshale unapoegemea, palibandikwa kitambaa kizito chenye unene wa milimita 4.

Upinde umeandikwa pauni 45 kwa mvuto wa inchi 28, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta uzi umbali huo. Kwa kufuata maandishi hayo alinunua mishale ya kaboni namba 400 (namba ya ukakamavu, nitaieleza mbele), akaikatisha inchi 29, akaitia vigumba, yaani ncha za mbele, vya greini 100 (greini moja ni kama gramu 0.065) na manyoya matatu ya bata mzinga.

Lalamiko lake lilikuwa moja: mshale unaondoka ukitikisa mkia kama samaki, upinde unatoa mlio mkavu wa "tak", na kwenye mita 18 mishale sita inatawanyika sentimita 45 hivi. Watu watatu kwa nyakati tofauti walimwambia tatizo ni vidole, hajui kuuachia uzi. Miezi minne akawa anabadilisha vidole: mara avikunje zaidi, mara aburute mkono nyuma ya sikio, mara aachie huku amefumba macho mbele ya shabaha ya karibu. Mkia uliendelea kutikisika vilevile.

"Mwalimu, mimi nadhani vidole vyangu ndivyo vibovu," aliniambia kabla hata hajafungua mfuko wa upinde.

"Tuuulize upinde kwanza, dada. Vidole tutavirudia."

Nilichokikuta siku ya kwanza

Sikumwambia abadilishe kitu. Nilimwomba apige mishale sita kama kawaida yake, mimi nikasimama nyuma yake, si ubavuni, kwa sababu ukiwa nyuma unaona mkia unaelekea wapi. Mkia ulikwenda juu na kushoto, ukarudi, ukaenda tena. Nilipoishika mishale ile, unyoya mmoja kati ya mitatu, ule wa chini ulio karibu na upinde, ulikuwa umelika kwenye shina kwa urefu wa ukucha. Mishale yote sita ilikuwa hivyo, mahali palepale. Hiyo alama ilipaswa kunishika mkono tangu dakika ile. Niliiona, nikaiandika, nikaipita.

Kisha vipimo. Nafasi kati ya kishikio na upote, yaani uzi wa upinde ukiwa umefungwa, ilikuwa sentimita 16.5, wakati mtengenezaji anataka kati ya 18.5 na 20. Upote ulikuwa umelegea kwa kutumika na hakuna aliyeupima tangu uwekwe. Panda ya mshale, ule mwanya wa nyuma unaokalia uzi, ilibana kupita kiasi: nilining'iniza mshale kwenye uzi, ncha chini, nikaugonga uzi kwa kidole. Mshale unaotoshea vizuri hudondoka kwa pigo moja jepesi. Huu ulidondoka mara ya nne, tena kwa kugonga kwa nguvu. Usawa wa mikono ya upinde niliukagua pia. Mkono wa juu ulikuwa mbali na uzi kuliko wa chini kwa milimita 4, jambo la kawaida kwa anayevuta kwa kidole kimoja juu na viwili chini. Hapo hapakuwa na neno.

Tulianza na hayo mawili. Nilivua upote, nikausokota mizunguko 14 zaidi, nikaurudisha, nafasi ikawa sentimita 19. Uzi wa kuzungushia katikati ya upote niliufumua na kuuzungushia mwembamba zaidi hadi mshale ukadondoka kwa pigo moja. Mlio wa "tak" ulipungua, ila haukuisha.

Juu na chini: alama ya kupachikia

Tangu hapa tulitumia mshale mtupu, usio na manyoya. Manyoya huficha makosa. Yanauburuta mkia na kuunyoosha njiani hata kama mshale umeondoka vibaya. Ukiyatoa, unaona upinde ulivyousukuma mshale. Tahadhari moja tu: mshale mtupu unaweza kwenda usikotarajia, kwa hiyo anza mita 8, nyuma ya shabaha pawe na kizuizi kipana, na watu wote wakae nyuma ya mpigaji.

Mshale mtupu ulijichoma kwenye shabaha mkia ukiwa juu. Sheria inayofundishwa kila mahali inasema: mkia ukiwa juu, alama ya kupachikia kwenye uzi, pale panda ya mshale inapokaa, iko juu mno, ishushe. Nilipomuuliza alama yake ilikuwa wapi alipoanza, akanionyesha daftari. Ilianza milimita 12 juu ya mstari wa skwea, yaani rula ya pembe mraba inayowekwa kwenye uzi na kikalio. Aliona mkia juu, akashusha hadi 9. Mkia ukazidi. Akashusha hadi 5. Ukazidi tena.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba dalili hiyo ina sababu mbili zilizo kinyume. Alama ikiwa juu kweli, mkia huondoka ukiwa juu. Lakini alama ikiwa chini mno, sehemu ya nyuma ya mshale hukandamizwa kwenye kikalio, inadunda kama mpira, na mkia unaruka juu. Ukiangalia shabaha tu huwezi kuzitofautisha.

Tukaipandisha alama mpaka milimita 16, juu kuliko nilivyotarajia kuiacha, kwa makusudi. Ukianzia juu, mdundo hauwezi kukudanganya. Unashuka polepole hadi mshale ulale. Kwenye 16 mkia ulikuwa juu kidogo. Kwenye 14, kidogo zaidi ya mnyoofu. Kwenye 13 mshale mtupu ulijichoma sambamba na sakafu, mara tano kati ya sita. Tuliiacha hapo, nikaifunga kwa uzi na gundi.

Bi. S. aliutazama mshale ule kwa muda. Alikuwa ameshusha alama mara tatu kwa kutii sheria sahihi.

Kushoto na kulia: kosa langu

Ukifika hapa unapaswa kujua kwa nini mshale unapinda, kwa hiyo nieleze kidogo.

Upinde wa asili mara nyingi haukuchongwa hadi katikati. Mshale unaegemea ubavu wa kishikio na unatazama kando kidogo ya njia ambayo uzi utaufuata. Vidole vinapouachia, uzi unateleza kuvizunguka na kuupiga mshale teke la pembeni, huku uzito wa kigumba mbele ukikataa kuondoka haraka. Mshale unajikunja kama fimbo iliyosukumwa kwa nyuma, unajikunja tena upande wa pili, na kwa mkunjo huo unauzunguka upinde bila mkia kuugusa. Picha za kasi kubwa zilizopigwa miaka ya 1930 zilionyesha jambo hili waziwazi, ingawa wapiga mishale walikuwa wakiliishi karne nyingi kabla.

Kwa hiyo ukakamavu wa mshale lazima uwiane na nguvu ya upinde. Mshale ukiwa mkakamavu mno, haujikunji vya kutosha. Kwa anayevuta kwa kulia unakwenda kushoto, mkia ukielekea kulia. Ukiwa mlegevu mno, unajikunja kupita kiasi. Unakwenda kulia, mkia ukielekea kushoto. Ile namba 400 maana yake ni kwamba mshale ukiwekwa juu ya vishikizo viwili vilivyo mbali inchi 28 na kuning'inizwa uzito wa pauni 1.94 katikati, unashuka inchi 0.400. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mkakamavu zaidi. Mishale ya mbao hupimwa kwa vishikizo vya inchi 26 na uzito wa pauni 2, kisha 26 hugawanywa kwa inchi zilizoshuka: ukishuka nusu inchi, mshale unaitwa wa pauni 52.

Lakini kipimo cha mezani ni mwanzo tu. Mshale mrefu hufanya kazi kama mlegevu kuliko mfupi wa namba ileile. Kigumba kizito huulegeza. Kitu kinene ubavuni mwa kishikio huusukuma mbali na katikati, na hapo unahitaji mshale mlegevu zaidi, maana uliopo unakuwa kama umekakamaa.

Mshale mtupu wa Bi. S. ulitua kulia mwa ile yenye manyoya kwa upana wa kiganja, mkia ukielekea kushoto. Kwa sheria, ni mlegevu. Nikachukua mishale yake mitatu, nikaikata nusu inchi kila mmoja, ikawa 28.5, ili ikakamae.

Nieleze nilichokuwa nafikiri, kwa kuwa ndipo funzo la kisa hiki lilipo. Nilijua kabisa kwamba mshale namba 400 wa inchi 29 wenye kigumba cha greini 100 si mlegevu kwa upinde wa pauni 45. Mtu mwingine akiniuliza bila kunionyesha shabaha ningemjibu hivyo bila kusita. Ila nilikuwa nimeuona mkia ukielekea kushoto kwa macho yangu mara kumi na mbili, na macho yakashinda. Tena nilikuwa bado sijaupima upinde wenyewe mikononi mwake. Nilikubali ile 45 iliyoandikwa.

Mishale iliyokatwa ilikuwa mibaya kuliko mwanzo. Mkia ulikwenda kushoto zaidi, "tak" ikarudi kwa sauti. Nilinyamaza kidogo, kisha nikamwambia: "Dada, nimekukatia mishale mitatu kwa makosa. Tusimame hapa leo."

Poda

Siku iliyofuata nilikuja na poda ya kawaida na mizani ya kuning'iniza.

Mizani kwanza. Kwenye mvuto wake halisi, ambao ni inchi 26.5 na si 28, upinde ulisoma pauni 41. Hilo lingejulikana kwa hesabu tu: upinde wa aina hii hupoteza pauni mbili hadi tatu kwa kila inchi usiyovuta. Mishale iliyochaguliwa kwa pauni 45 ilikuwa imeshakuwa mikakamavu kupita kiasi kabla sijagusa msumeno.

Kisha poda. Niliipaka theluthi ya nyuma ya mshale, juu ya manyoya na kwenye kitambaa cha ubavuni, ikawa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Akapiga mmoja. Tulipousogelea mshale, ulikuwa na ufito mweusi uliofutika, mwembamba kama kiberiti, ukianzia sentimita 9 mbele ya panda na kuishia kwenye shina la ule unyoya uliolika. Kwenye kitambaa kulikuwa na mstari mmoja wa kijivu, umelala kwa mshazari, na mwisho wake poda ilikuwa imekandamizwa hadi ikang'aa.

Mkia ulikuwa unaupiga upinde. Mshale ulikuwa mkakamavu kiasi kwamba haukujikunja kuuzunguka ubavu. Ulipita ukiwa umenyooka, sehemu yake ya nyuma ikagonga kitambaa na kudundia kushoto. Ndiyo "tak" yenyewe, na ndiyo sababu mkia ulielekea kushoto kama wa mshale mlegevu. Kila nilipoukakamaza, niliongeza kipigo.

Tulijaribu pia kurekodi kwa simu kwa picha 240 kwa sekunde. Kuanzia vidole vinapoachia hadi mshale unapoutoka uzi ni kama sehemu mbili za mia za sekunde, hivyo tulipata picha nne au tano, zote zenye ukungu. Kopo la poda lilitufaa zaidi.

Maamuzi yaliyofuata

Kuanzia hapo nilijiwekea sharti: kwanza mabadiliko yanayoweza kurudishwa, tena moja moja, na kila moja likaguliwe kwa poda kabla ya kusoma shabaha.

La kwanza lilikuwa ubavu. Nilibandua kitambaa cha milimita 4, nikaweka ngozi laini ya milimita 1.5. Mshale ukasogea karibu na katikati. Poda bado ilifutika, ila kidogo. Kisha vigumba: tukatoka greini 100 hadi 145, halafu 175. Kwenye 175 poda ilibaki nzima kutoka panda hadi mwisho wa manyoya. Mlio ulikwisha kabisa. Upinde ulitoa ule mvumo mzito wa uzi peke yake.

Mshale mtupu ukatua kushoto, kiganja na nusu, mkia kulia.

Bi. S. aliinamisha kichwa. "Sasa umekwenda upande mwingine, mwalimu. Si tumeharibu?"

Nilimwambia hapana, na nilimaanisha. Kwa mara ya kwanza upinde ulikuwa unasema kweli: mshale ni mkakamavu. Kusoma vibaya kuliko na sababu inayojulikana ni mwanzo wa kazi, na tofauti ya kiganja na nusu ni kitu unachoweza kukipunguza ukijua unakwenda wapi.

Tulipanda hadi greini 200. Bado kushoto. Tungeendelea kuongeza uzito, lakini mshale ungekuwa mzito wa kichwa na ungeanguka haraka kwenye mita 30 anazozipenda. Mishale ya 400 haikuwa yake.

Tuliazima mmoja mmoja, 500 na 600, yote haijakatwa, inchi 31.5, vigumba vya greini 125. Ule wa 500 ulitua kushoto vidole vitatu. Wa 600 ulitua kulia, mkia kushoto, na poda ikiwa nzima; yaani mlegevu wa kweli, tofauti na ule wa kwanza ulioonekana vilevile. Alichagua 600. Ule wa 500 ungekubali kwa kigumba kizito na ungeupa upinde mzigo mzuri, na kwa mtu mwingine ningeushauri. Yeye alitaka mshale unaoruka tambarare zaidi, na mshale mlegevu mrefu una faida hii kubwa: unaweza kuukata. Urefu uliokatwa haurudi.

Tulinunua mmoja tu kwanza. Nilikata kwa kisahani cha kukwangua, barakoa usoni na kitambaa chenye maji pembeni, maana vumbi la kaboni si la kuvutwa mapafuni. Kigumba nilikishika kwa gundi ya kuyeyuka kwa moto mdogo ili kitoke bila kuunguza kaboni. Robo inchi, piga sita, poda, andika. Inchi 31.25: kulia kiganja. 31: kulia vidole vinne. 30.75: bado vinne, nikashuku uchovu wake, tukapumzika, tukarudia, vikawa vitatu. 30.5: vitatu. 30.25: viwili, mkia karibu mnyoofu.

Hapo nilisimamisha kazi, ingawa yeye alitaka robo moja zaidi. Manyoya matatu yana uzito wa greini chache nyuma kabisa, na uzito wa nyuma hukakamaza mshale kidogo. Mshale mtupu unaosoma ulegevu mdogo huwa sahihi ukivishwa manyoya. Kuhakikisha, nilizungushia utepe wa gundi wenye uzito sawa na manyoya mahali pa manyoya, nikampa apige. Ulitua ndani ya kundi.

Matokeo

Mishale sita mipya ya 600, inchi 30.25, greini 125 mbele. Uzito wa mshale mzima ni greini 386, karibu gramu 25, sawa na greini 9.4 kwa kila pauni ya mvuto wake. Hapo upinde uko salama. Chini ya greini 8 kwa pauni nisingemruhusu, kwa sababu mshale mwepesi mno unauachia upinde nguvu ambayo ilipaswa kuondoka na mshale, na mikono ya upinde inazeeka haraka.

Kwenye mita 18 kundi lilitoka sentimita 45 hadi 20, na mshale mtupu ukiupiga pamoja na mingine unaingia humohumo. Manyoya hayaliki tena. Baada ya wiki tatu upote ulilegea milimita 4 zaidi. Aliupima mwenyewe, akasokota mizunguko mitatu, akarudi 19.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kusoma shabaha kabla ya kuhakikisha mshale unautoka upinde bila kuugusa. Dalili zote mbili, mkia juu na mkia kushoto, zilikuwa za mguso. Mguso ukiwapo, kila jedwali la kurekebisha upinde linageuka kinyume bila kukuonya. Bi. S. alipotoshwa wima, mimi nikapotoshwa kwa upande, tena siku ileile niliyokuwa nimemweleza kosa lake. Hilo linaniuma kuliko mishale iliyokatwa. Nilielewa mdundo wa kikalio na sikujiuliza kama ubavu nao unaweza kudundisha.

Ushahidi ulikuwapo tangu mwanzo, na ulikuwa wa aina tatu: unyoya uliolika mahali pamoja kwenye mishale yote, mlio, na mwenendo wa marekebisho yaliyokuwa yanazidisha tatizo. Huu wa tatu ndio ninaouamini zaidi sasa. Ukigusa kitu kuelekea upande unaoaminika kuwa sahihi na hali ikawa mbaya, acha kugusa. Daftari la Bi. S. lilikuwa na mwenendo huo umeandikwa kwa mkono wake, 12, 9, 5, na hakuna aliyeusoma kama habari.

Mpangilio wa kazi, kwa sehemu kubwa, ulikuwa mzuri. Upote na panda kwanza, kwa sababu panda inayobana huvuta mshale ovyo na kufanya mshale mtupu usome tofauti kila mara. Wima kabla ya upande, kwa sababu mshale unaodunda kwenye kikalio hauwezi kupita ubavu kwa njia moja mara mbili. Lakini kupima mvuto halisi kulipaswa kuwa jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya upote. Ni kazi ya dakika mbili na ingeniambia 41.

Kukata kabla ya kubadilisha vigumba ilikuwa kinyume cha akili. Kigumba kinafunguliwa, ngozi inabanduliwa, alama inasogezwa. Msumeno ni wa mwisho. Hata mshale ungekuwa mlegevu kweli, ningeweza kujua kwa kuweka kigumba chepesi kuliko kile.

Kubadilisha ngozi na vigumba karibu kwa pamoja kuliniacha na swali. Kila kimoja kilichangia, lakini sijui ngozi peke yake ingefika wapi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona poda ikibaki nzima. Kwa upinde unaofanana na huu ningemaliza ubavu kwanza, nijaribu unene mbili au tatu, ndipo niguse vigumba.

Ununuzi wa mshale mmoja kabla ya sita uliokoa pesa na ulimpa yeye nafasi ya kushiriki. Kila robo inchi aliona mwenyewe kilichobadilika. Kufikia inchi 30.75 yeye ndiye aliyekuwa anasoma poda, mimi naandika.

Kuhusu vidole

Vidole vyake havikuwa vibovu, ila vilikuwa na kosa, kama vya watu wote wa mwaka wa pili. Tofauti ni kwamba sasa linaonekana. Upinde ulipokuwa unaupiga mshale kila mara, kosa la vidole lilimezwa na kosa la upinde; alikuwa akibadilisha kitu kidogo na kutafuta jibu ndani ya kelele kubwa. Miezi minne ya juhudi ya dhati ilipotea hivyo, na ninajua wengi wameacha mchezo huu wakiwa katika hali hiyohiyo, wakiamini mikono yao haikuumbwa kwa upinde. Anayemsaidia mgeni akague vifaa kabla ya kumkosoa mtu.

Lililobaki ni hili. Katika dazeni ya mwisho ya mazoezi, akichoka, mvuto wake hupungua hadi inchi 25.5 hivi. Upinde hapo unatoa pauni mbili au tatu pungufu, mshale uleule unakuwa mkakamavu kwake, na mishale miwili au mitatu huenda kushoto. Kwa mara ya kwanza niliona hilo kwenye kundi lenyewe, bila poda. Tumekubaliana asimamishe mazoezi mshale wa pili unapokwenda kushoto, na kwamba hatutagusa upinde kwa ajili hiyo. Ile mitatu ya inchi 28.5 iko kwa mwenzake mwenye mvuto mrefu na upinde wa pauni 55. Aliipaka poda kabla ya kuipiga.